Hempu Huhesabu Usiku: Hotuba kwa Wakulima Wanaozungumza Kiswahili, Kaskazini mwa Florida

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wetu shikamooni, mama zetu na ndugu wakulima, habari za asubuhi.

Maswali mliyotuletea kabla ya kikao hiki karibu yote yanauliza jambo moja: je, hempu, yaani bangi ya viwandani inayolimwa kwa ajili ya nyuzi na mbegu, itavumilia joto la huku? Julai na Agosti joto la Florida linafika digrii 33, na usiku halishuki chini ya 22. Tujibu mara moja ili tuendelee. Inavumilia. Mmea huu hukua vizuri kati ya digrii 20 na 30, na hata ukipita hapo kidogo haufi. Kinachowatia wakulima hasara katika nchi za joto ni urefu wa mchana, na anayenunua mbegu bila kulijua hilo ameshapoteza msimu kabla hajawasha trekta.

Waliolima mbaazi za kienyeji Lindi, Mtwara au Babati wanalifahamu jambo hili, ila hawakuliita kwa jina la kitaalamu. Mbaazi ya muda mrefu ukiipanda Desemba inakuwa kichaka kirefu kuliko mtu, inangoja hadi mchana uanze kufupika, ndipo inachanua. Ukiipanda Machi, inachanua karibu wakati uleule na wenzake, ikiwa imefika kiunoni tu. Mmea haukuhesabu siku tangu ulipopandwa, ulipima usiku. Hempu ndivyo ilivyo. Usiku ukirefuka kupita kiwango fulani, inaacha kurefuka na kuanza kutoa maua, iwe imefika mita tatu au iko magotini.

Sasa tazameni hesabu. Aina nyingi za Ulaya, kama Felina 32 na Futura 75, zilitengenezwa Ufaransa, ambako mchana wa Juni hufika saa 16. Hapa Gainesville mchana mrefu kuliko yote ni saa 14 na dakika chache. Miami ni saa 13 na dakika 45. Chiang Mai, kaskazini mwa Thailand, ni saa 13 na robo. Lilongwe, Desemba, ni karibu saa 13. Dar es Salaam mchana mrefu na mchana mfupi havipishani hata saa nzima, na Nairobi tofauti ni dakika chache tu mwaka mzima. Aina nyingi zilizopimwa hapa Florida zinahitaji mchana usiopungua kati ya saa 13 na dakika 45 na saa 14 na dakika 40 ili ziendelee kurefuka. Weka namba hizo kando ya zile za mwanzo. Mbegu ya Ufaransa ikipandwa Miami, au Malawi, haina siku hata moja ya kujihisi iko kwenye kiangazi cha kwao. Inaota, inapitisha utoto wa wiki tatu hadi nne, jozi nne au tano za majani, halafu inachanua. Unavuna shina la sentimita 60 mahali ulipotarajia mita mbili na nusu. Mkulima analaumu udongo, analaumu mbolea, anaongeza urea. Urea haibadilishi saa.

Kuna wanaotuambia wamepata suluhisho, kwamba watalima Finola. Hiyo ni mbegu ya Finland isiyojali urefu wa mchana, nayo huchanua ikifika karibu wiki nne popote ilipo. Kwa mbegu za kula inaweza kukupa kitu, lakini kwa nyuzi haikufai hata kidogo, maana huwa fupi kwa asili yake.

Dawa yake ni kutafuta mbegu zilizozaliwa karibu na ikweta kuliko hapa tulipo, au angalau katika latitudo yetu. Yunnan, kusini mwa China, wana jamii ya aina ziitwazo Yunma. Thailand ina aina zilizosajiliwa, zikiwemo RPF1 hadi RPF4, zilizochaguliwa kutoka kwenye mbegu za watu wa milimani, wakiwemo Wahmong, ambao wamefuma nguo za nyuzi hizi vizazi kwa vizazi. Mbegu za asili hiyo zikiwekwa kwenye mchana wa saa 14 zinaona kiangazi kirefu sana, zinapanda juu mita tatu, nne. Lakini zina tatizo lao: huchelewa mno kukomaa mbegu. Kwa hiyo anayetaka nyuzi achukue mbegu hizo za kusini, na anayetaka mbegu za mafuta atafute aina ya katikati, akubali kwamba mavuno yake yatakuwa ya wastani. Muuzaji akikwambia aina moja inafaa yote mawili katika Florida, mwombe matokeo ya majaribio ya latitudo 25 hadi 31, siyo ya Kentucky wala Canada.

Tarehe ya kupanda nayo inatoka kwenye saa hiyohiyo. Ukipanda Februari kwa kuwa udongo umeshapata joto, miche itamaliza utoto wake mwishoni mwa Machi, mchana ukiwa bado wa saa 12 na kitu, na yote itachanua. Panda mwisho wa Aprili hadi Mei. Hapo mmea unatoka utotoni mchana ukielekea kilele chake cha Juni 21, nao unapata wiki za kurefuka kabla usiku haujaanza kurudi. Kuchelewa hadi Julai kunakukata urefu, na juu ya hayo mvua kubwa za kiangazi zinakuwa zimeanza, na mche wa hempu ukisimama kwenye maji siku mbili tatu hugeuka njano na hautengemai tena.

Tukiwa hapo kwenye usiku, dokezo dogo. Taa kubwa ya ghala au ya barabarani inayomulika ukingo wa shamba usiku kucha inaukatiza usiku wa mimea iliyo chini yake. Utaona mstari mzima bado unarefuka wakati shamba lote limechanua. Izime au igeuze.

Sheria tutaipitia haraka, kwa sababu fomu mtasaidiwa kuzijaza mezani pale nyuma. Sheria ya Kilimo ya Marekani iliyosainiwa Desemba 2018 inaita hempu mmea wa Cannabis sativa wenye THC, yaani kemikali inayolevya ya bangi, isiyozidi asilimia 0.3 ya uzito mkavu. Ukizidi hapo, kisheria ni bangi. Lazima uwe na leseni ya Idara ya Kilimo ya jimbo kabla ya mbegu kugusa udongo, utatoa alama za vidole, na mwenye hukumu ya jinai kubwa ya dawa za kulevya ndani ya miaka 10 hapewi. Tena msimtumie ndugu yeyote nyumbani mbegu hizi. Tanzania na Kenya kulima bangi ni kosa, na askari anayekuta shamba hatauliza asilimia. Malawi walipitisha sheria yao mwaka 2020, lakini huko pia ni kwa leseni.

Tuingie shambani.

Mbegu ya hempu ina mafuta mengi, na mafuta huharibika. Gunia lililolala kiangazi kimoja kwenye stoo ya bati linaweza kuwa limepoteza nguvu ya kuota ingawa mbegu zinang'aa. Hesabu mbegu 100, zifunge kwenye kitambaa kibichi, zikae kivulini siku tano hadi saba, kisha hesabu zilizoota. Zikiwa chini ya 80, rudisha gunia. Namba hiyo unaihitaji vilevile kwa kupiga kiasi cha kupanda. Tuchukue mfano: unataka mimea 200 kwa mita ya mraba kwa ajili ya nyuzi, mbegu 1,000 zina uzito wa gramu 18, kuota ni asilimia 85, na katika zinazoota asilimia 70 ndizo zitakazosimama shambani. Milioni 2 za mimea kwa hekta, ukigawanya kwa 0.595, ni mbegu milioni 3.36, yaani kilo 60 kwa hekta, au kama kilo 24 na nusu kwa eka. Ukiweka nusu ya hapo ili kubana matumizi, mashina yatanenepa kama fimbo, yatatoa matawi, na nyuzi zake zitakuwa ngumu. Msongamano ndio unaoufanya mmea uwe mwembamba, mrefu na usio na tawi. Kwa mbegu za kula, nusu ya kiasi hicho inatosha.

Panda kwa mashine ya nafaka, mistari sentimita 15 hadi 20, kina sentimita 1 hadi 2 tu. Hapa ndipo mchanga wetu unapoleta ugomvi. Ukipanda juu, sentimita moja ya juu inakauka mchana mmoja. Ukifukia sentimita nne ili ufuate unyevu, mche unaishiwa nguvu kabla ya kutokeza. Kwa hiyo mwagilia kabla, panda kwenye udongo uliolowa, halafu mwagilia kidogokidogo kila siku, milimita 4 hadi 5, hadi miche itokeze, ambayo ni siku nne hadi saba. Maji hayo yana kazi ya pili ambayo watu huisahau. Mchanga mtupu juani hupita digrii 50 usoni, na mche laini huungua shingo pale unapogusana na mchanga. Ukiona miche imelala, shingo imenywea kama imefungwa uzi, lakini mizizi ni myeupe na mizima, huo si ugonjwa wala mdudu. Ni mchanga umeunguza. Mabaki ya mazao ya majira ya baridi yakiachwa juu ya udongo kama matandazo, na ukapanda katikati yake, hali hiyo hupungua sana.

Baada ya kuota, hesabu ya maji inabadilika, na tunaomba muifanye kwa kalamu badala ya kukisia kwa jicho. Mchanga huu unashika kama milimita 6 za maji yanayofaa kwa kila sentimita 10 za kina. Mizizi ikiwa sentimita 30, akiba yako ni milimita 18. Mmea uliofunika ardhi kwenye joto la Juni unakunywa milimita 5 hadi 6 kwa siku. Ukingoja siku tatu, pipa ni tupu. Usingoje liishe, rudisha likifika nusu, maana yake milimita 10 hivi kila siku mbili, kama mvua haijanyesha. Milimita 10 kwenye hekta ni lita 100,000. Kumwaga milimita 30 kwa mkupuo ili upumzike wiki nzima hakusaidii: 18 zinabaki, 12 zinashuka chini na nitrojeni yako.

Ndiyo maana mbolea nayo haiwekwi mara moja. Tunashauri kilo 120 za nitrojeni kwa hekta, ambazo ni kilo 261 za urea, zigawanywe mara tatu: theluthi wakati wa kupanda, theluthi wiki ya tatu, na iliyobaki wiki ya tano, kabla majani hayajafunga njia ya trekta. Fosforasi na potasiamu zifuate kipimo cha udongo. Kipimo hichohicho kitakuambia uchachu, na kama pH iko chini ya 6, chokaa iingie miezi miwili mitatu kabla, siyo siku ya kupanda.

Magugu hatutakaa nayo sana. Shamba lililoota vizuri linafunika ardhi ndani ya wiki nne au tano na kujipalilia lenyewe. Lililoota mabaka halipaliliki, kwani dawa za kunyunyizia juu ya hempu iliyokwisha ota ni chache mno. Mchicha pori utapita juu yake, na ndago ukiiacha shambani ukapanda, mtaishi nayo. Ua magugu kabla: lima, mwagilia, acha yaote, yafyeke, kisha ndiyo upande.

Kuhusu wadudu na magonjwa, manne ndiyo yenye kuumiza hapa. La kwanza ni sisimizi wekundu waumao, wale walioingia kutoka Amerika Kusini. Hutafuna gome la shina jirani na ardhi, mmea unanyauka ukiwa umesimama. Tafuteni vichuguu vyao kabla ya kupanda na kuweka chambo mapema. La pili ni minyoo fundo wa mizizi, ambao mchanga wa joto ni makao yao. Ng'oa mmea ulio dhaifu, ukiona mizizi ina vinundu kama shanga, ndio hao. Hapa kuna habari njema kwa waliotoka kusini mwa Tanzania, maana marejea mnaijua. Ndugu yake, Crotalaria juncea, hulimwa Florida kama mbolea ya kijani, minyoo hao hawazaani vyema kwenye mizizi yake, na anaongeza nitrojeni juu ya hayo. Ipandwe baada ya kuvuna, ikatwe ikikaribia kuchanua. Angalizo tu ni kwamba jina lake la Kiingereza lina neno hempu ndani, ilhali ni jamii ya kunde. Someni jina la kisayansi kwenye gunia, la sivyo mtu ataomba leseni ya hempu akapanda marejea, au afanye kinyume chake, ambacho ni kibaya zaidi.

La tatu ni ukungu wa shingo, unaotoka kwa kuvu Athelia rolfsii. Joto na unyevu vikikutana, unaona nyuzi nyeupe chini ya shina, na katikati yake vipunje vya kahawia vinavyofanana na haradali. Vipunje hivyo hukaa ardhini miaka. Kulima kwa kina na kuvifukia husaidia, kurudia zao palepale huviongeza. La nne linawahusu wa mbegu: funza wa mahindi, binamu wa yule funza wa vitumba anayeumiza pamba ya Shinyanga. Huingia ndani ya kichwa cha maua na kula mbegu changa, na kinyesi chake huozesha kilichobaki. Jirani yako akiwa na mahindi yanayokauka Julai, nondo watahamia kwako. Anzeni kukagua vichwa wiki ambayo ndevu za mahindi yake zinageuka kahawia. Na dawa yoyote mtakayopuliza iwe imeandikwa hempu kwenye lebo. Isipoandikwa, kuitumia ni kuvunja sheria hata kama ingefanya kazi.

Wenzetu wa Arizona wana orodha nyingine kabisa. Kule ukungu si tishio kubwa kwa sababu hewa ni kavu, bali kuna virusi vya kujikunja majani vinavyoletwa na kidudu arukaye, yuleyule anayesumbua viazi sukari, pamoja na chumvi ya maji ya umwagiliaji. Joto linafanana, shida hazifanani, kwa hiyo ushauri wa jangwani msiulete kwenye unyevu.

Sampuli ya THC. Ofisa aliyeidhinishwa hukata sentimita 13 hadi 20 za juu za shina kuu, zenye maua, na ukishachukuliwa sampuli una siku 30 za kuvuna. Maabara inajumlisha THC na THCA, yaani asidi ambayo ikipata joto hugeuka THC, lakini THCA inazidishwa kwanza kwa 0.877. Mfano, THC 0.05 na THCA 0.32: inakuja 0.33. Kama maabara imeandika kosa la kipimo la 0.04, basi 0.3 imo ndani ya wigo na umepita. Bila hilo, umezidi. Watu husema joto ndilo lililopandisha. Ushahidi unaelekea zaidi kwenye ukoo wa mbegu na umri wa maua, kwani kiasi hupanda kadiri maua yanavyokomaa. Kwa hiyo mwite ofisa mapema, maua yanapoanza, usingoje. Zao likizidi linaweza kuokolewa kwa kuondoa maua yote, au kusaga mmea mzima na kupima upya, na kwa mkulima wa nyuzi kuondoa maua si msiba. Likizidi asilimia 1.0 linahesabiwa uzembe, na uzembe mara tatu ndani ya miaka mitano unakufungia miaka mitano.

Kuvuna nyuzi ni pale mimea dume inapotoa chavua, ukiipiga unaona vumbi la njano. Ukingoja mbegu, shina limeshakuwa gumu kama kuni. Kata kwa mashine ya msumeno wa kwenda na kurudi. Ile ya kuzunguka inasokota nyuzi, nazo zinajifunga kwenye beringi hadi ziwake moto. Kizima moto kikae kwenye trekta, na kila mzunguko shuka, tazama beringi kwa macho.

Mashina hulazwa shambani ili vijidudu vilegeze gundi inayoshika nyuzi kwenye moyo wa shina. Watu wa pwani wameona kazi hii: makumbi ya nazi yanafukiwa kwenye tope la bahari miezi mingi ndipo yapondwe kuwa kamba. Hempu inataka muda mfupi zaidi, na hapo ndipo Florida inapodanganya. Ulaya umande hufanya kazi hiyo kwa wiki nne hadi sita. Huku Agosti, kwa mvua ya kila alasiri, inaweza kukamilika ndani ya wiki mbili, na ukiongeza siku chache tu nyuzi zenyewe zimeoza. Kuanzia siku ya saba, vunja shina kila asubuhi. Nyuzi zikiachana na moyo kwa urefu wote bila kung'ang'ania, na zikivutwa kwa mikono miwili bado zinagoma kukatika, geuza, zikauke, zikifika unyevu chini ya asilimia 15 funga robota. Unyevu ukizidi, robota litajichemsha ghalani.

Wa mbegu, vuneni mbegu saba katika kila kumi zikiwa zimekomaa. Hutoka shambani na unyevu wa asilimia 12 hadi 18, na ndani ya saa chache tu lundo huanza kupata moto. Feni iwe inazunguka kabla lori la kwanza halijafika, na msisimamishe hadi mshuke asilimia 8 au 9.

Jambo la mwisho ni kiwanda. Robota la hempu ni kubwa na jepesi, lori linajaa kabla halijafikia uzito wake, kwa hiyo gharama ya kila maili inakula bei. Mnunuzi wa nyuzi awe ameshaandika mkataba, unaotaja kilo, unyevu na nani analipa lori, kabla hamjaagiza mbegu. Na mbegu za Thailand au Yunnan huchukua miezi kupata vibali vya kuingia nchini. Anayetaka kupanda Mei aanze kuandika barua hizo mwezi wa kumi. Tunasikiliza maswali, tuanze na mama pale mbele.